Mama mkwe, koili ya shaba na sumaku ya redio: kisa cha Nachingwea kwa wanaouza na wanaocheka

Wakuu, mlionizidi umri shikamooni. Wadogo marahaba, nawapokelea mapema maana najua mtasahau.

Nianze kwa kusema nina hasira.

Juzi humu ndani kuna mtu kaweka tangazo la ndala za sumaku kwa wagonjwa wa sukari. Anasema ukizivaa kidonda kinafunga chenyewe, dawa tupa. Chini yake wakamiminika wajuaji wakicheka, eti sumaku na kidonda wapi na wapi, huo ni ushirikina wa watu ambao hawakukanyaga shule.

Nimewasoma wote, muuzaji na wachekaji. Nikaona nikikaa kimya nitapasuka.

Hiyo habari ya sumaku na kidonda cha sukari nimeiona kwa macho yangu, tena chombo chenyewe nilikitengeneza kwa mikono hii ninayoandikia. Nilichokiona nitakisema, na nisichokijua nitasema sikijui. Anayeona ni chai alete vitafunwa, nafasi ipo.

Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Nilikuwa fundi umeme wa hospitali moja kule Nachingwea. Mimi ni Mnyaturu wa Singida, kazi ndiyo ilinipeleka kusini. Umeme wetu ulikuwa jenereta la dizeli, na dizeli yenyewe ilikuwa ya kuombea dua. Tuliliwasha siku za upasuaji, na siku nyingine saa chache tu, basi.

Nikaoa huko huko. Mke wangu Esha ni Mmwera wa Malolo, upande wa Ruangwa, ambayo enzi hizo ilikuwa bado haijawa wilaya.

Sasa ngoja nieleze jambo moja, bila hilo hamtaelewa kitu.

Katika ukoo wa mke wangu, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, mama anaiacha njia, anaingia majanini, anajifunika kanga mpaka upite. Hamli pamoja, hamshikani mikono. Salamu anapewa mtu wa tatu aifikishe, hata kama mko kwenye ua mmoja. Kwetu Singida mama mkwe tunamheshimu sana tu, lakini unamwamkia uso kwa uso. Kwa hiyo mwaka wa kwanza nilijua yule mama ananichukia. Esha alicheka mpaka machozi nilipomwambia. Akasema, "Mama anakupenda, ndiyo maana anakukimbia."

Mama mkwe wangu aliitwa Bi Somoe. Mjane, mkulima wa mihogo na korosho, mwanamke mfupi aliyekuwa na mikono kama ya mpasua kuni. Alikuwa ameshaambiwa ana ugonjwa wa sukari. Kijijini walicheka sana. Hiyo ilikuwa miaka ambayo sukari dukani ilikuwa hadithi, watu wanakunywa chai ya chumvi, halafu mtu anaambiwa sukari imemzidi mwilini! Mwenyewe alikuwa anatania kwamba serikali ije imkamate kwa kulangua.

Msimu wa korosho, Bi Somoe alikuwa anakaanga korosho zake nyumbani. Wa kusini mnajua. Unaweka korosho kwenye bati la debe lililotobolewa, unawasha moto chini, yale mafuta ya ganda yanatoka na kuwaka. Ni mafuta mabaya, yakikugusa yanatoka na ngozi.

Yakamdondokea mguuni na hakusikia.

Wakuu, hapo ndipo sukari inapotisha. Miguu yake ilikuwa imeshakufa ganzi siku nyingi, naye akidhani ni uzee. Aliendelea kukaanga huku mguu unaungua. Alikuja kujua kwa harufu.

Muda si mrefu akaja kwetu Nachingwea. Esha alikuwa na mimba ya kwanza na mama alitaka awepo. Tulikaa kota ya hospitali, vyumba viwili. Yeye chumba cha nyuma, sisi cha mbele. Mguu kauzungushia kanga kuukuu, akaulizwa na mwanawe, akasema ni mkwaruzo.

Wiki zikaenda. Nyumba ikaanza kunuka.

Nilidhani panya kafia darini. Nilipanda mpaka juu na tochi, sikukuta kitu. Halafu siku moja nikiwa nakula nikaelewa ile harufu inatoka wapi, na chakula kikanishinda. Nilijua harufu ya kidonda, nilifanya kazi hospitali. Lakini ningemuulizaje? Nisingeweza hata kumtazama usoni, sembuse mguu.

Nikamwambia Esha. Esha akaingia chumbani, nikasikia wanabishana Kimwera, halafu nikasikia Esha analia kwa sauti. Alikuwa ameifungua ile kanga kwa nguvu.

Kidonda ndugu. Juu ya mguu wote mpaka kwenye vidole, cheusi pembeni.

Daktari wetu alikuwa Dokta Lwitiko, kijana wa Mbeya aliyesomea Bulgaria. Alimtazama Bi Somoe, akatoka na mke wangu mpaka nje nilipokuwa nasubiri, akatuambia kweli. Kidonda kimekwenda mbali. Atasafisha, atampa insulini iliyopo. Daktari wa upasuaji kutoka mkoani anakuja kwenye zamu yake baada ya wiki kadhaa. Akikuta mguu haujageuka, anaukata chini ya goti, maana ukiachwa utamuua.

Esha akaingia kumweleza mama yake. Jibu lilikuja kwa Kiswahili makusudi, ili lisikike mpaka tulipokuwa sisi.

"Mwambieni aanze na kichwa. Mguu huu ndio unanilisha. Mimi kwenye jembe nasimamia nini, ulimi?"

Dokta alicheka, ila hakuwa na furaha.

Siku iliyofuata akaja karakana kwangu. Akasema, "Fundi, unaweza kunisukia koili? Kubwa, mguu uingie katikati."

Akanieleza. Kule alikosoma kulikuwa na wodi ambazo kidonda kisichopona walikiweka ndani ya koili ya waya. Umeme mdogo unapita kwenye waya, unafanya sumaku inayokuja na kupotea, inakuja na kupotea. Waliamini inasaidia damu kupita kwenye nyama iliyokufa njaa. Nikamuuliza kama inafanya kazi kweli. Akasema wapo walimu wake walioapa kwamba inafanya, na wapo walioibeza, na yeye alikuwa bado mwanafunzi, alichoona ni wagonjwa wengine wakipona na wengine hapana.

Muuza ndala, sogea karibu usome hapa. Daktari aliniambia hivi: "Tunasafisha kidonda kila siku. Tunachoma insulini. Hii inakaa juu ya hayo, haichukui nafasi ya hayo."

Sikuwa na waya mpya. Nikafumua mota ya pampu ya maji iliyoungua, waya wa shaba nikauchagua palipo pazima. Nikakata ndoo ya plastiki nikaitoa kitako, nikazungushia waya mpaka ikanona, nikafunga na kitambaa. Transfoma nikatoa kwenye chaja mbovu ya betri za lori. Ilikuwa na sura mbaya ile koili. Wauguzi wakaiita mzinga, kwa sababu ilikuwa inanguruma kama nyuki wako ndani.

Tatizo likaja. Koili inapata moto, na mguu wa Bi Somoe hausikii moto. Tulishajua mwisho wake ni nini. Dokta akatoa amri moja: mguu ukiwa ndani ya mzinga, lazima kuwe na mkono wa mtu mzima ndani, umegusana na mguu, muda wote. Mkono ukisikia joto linazidi, umeme unazimwa.

Mkono wa nani? Esha alijitolea. Na swichi aishike nani? Mimi, hakuna mwingine aliyekuwa anaijua ile koili.

Bi Somoe aliposikia mkwe atakuwa mahali hapo hapo, akasema bora mguu ukatwe.

Tukapata suluhu. Kwenye baraza la nyuma ya wodi nikafunga kamba, Esha akatundika shuka la hospitali. Mama na Esha na mzinga upande mmoja, mimi na transfoma upande wa pili. Jenereta likiwashwa kwa ajili ya upasuaji, na sisi tunawasha vyetu. Esha akisema "baba, moto," nazima. Akisema "tayari," nawasha.

Wauguzi walipita wakicheka. Mganga mmoja msaidizi wa hapo hospitali akaniuliza kama nyuma ya pazia nimeficha majini. Nikamwambia ndiyo, na leo wanamtafuta mganga msaidizi. Sikuona haya hata kidogo. Mama wa mke wangu alikuwa anaoza akiwa hai, mtu akicheka acheke.

Ajabu ni kwamba pazia lile ndilo lilitufanya tuongee. Kwa kuwa hatuonani, yule mama akaanza kunisemesha, kwanza kupitia kwa Esha, baadaye moja kwa moja.

"Mkwe, kwenu mnakula nini?"

"Uwele na mtama, mama."

"Masikini. Ndiyo maana mwembamba."

Kidonda kikaanza kugeuka. Ule weusi Dokta aliukata kidogo kidogo, na chini yake pakaja nyama nyekundu inayotoa damu ukiigusa. Dokta akaniita nitazame kile kitambaa cha kidonda chenye damu mbichi, anafurahi kama kashinda mechi. Mguu wenyewe sikuuona. Sikuruhusiwa na sikuomba.

Habari zikafika Malolo. Na habari ikisafiri kutoka Nachingwea mpaka Malolo inafika imenenepa. Ilifika hivi: hospitali kuna sumaku inavuta sukari kutoka mguuni.

Akaja kaka yake Bi Somoe, Mjomba Saidi. Kwa wale wasiojua, kule mjomba ndiye mwenye ukoo, akisema kasema. Alikuja na kuku na karanga, akakaa na dada yake chumbani jioni nzima, akaondoka asubuhi bila kuniaga vizuri. Sikuwaza lolote.

Siku chache baadaye Esha akashikwa na uchungu.

Ilikuwa siku ya upasuaji. Esha yuko wodi ya wazazi, wauguzi wote wamebanwa. Jenereta linanguruma, na nilikuwa nimeambiwa dizeli iliyobaki ni ya leo, ijayo haijulikani itafika lini. Na yule daktari wa mkoani alikuwa anategemewa wakati wowote.

Bi Somoe kakaa upande wake wa pazia, mimi upande wangu. Nikasema, "Mama, leo hatuna mkono. Tuache."

Nilisikia anavuta pumzi.

Akasema, "Wewe huna mkono?"

Wakuu, mnaocheka mila za watu hamjui uzito wa maneno hayo. Mwanamke yule alikuwa anaingia kwenye miiba kunipisha njia. Niliogopa kuliko siku niliyopigwa na umeme wa jenereta.

Nikainua pazia. Alikuwa amejifunika kanga kichwa kizima, hata pua huioni. Mguu wenye bendeji kautanguliza. Nikapiga magoti, nikaushika, nikauingiza kwenye mzinga, nikaweka mkono wangu pembeni yake. Swichi niliivuta karibu kwa mkono wa pili. Nikawasha.

Ndipo nikasikia ile harufu.

Bendeji ilikuwa safi, imebadilishwa asubuhi ile. Harufu haikutoka hapo. Ilitoka kwenye mguu mwingine, ule mzima, alioukunja chini ya kanga.

"Mama," nikasema, "huo mguu mwingine una nini?"

"Hauna kitu. Huo ni mzima."

"Naomba niutazame."

Halafu akausogeza mbele mwenyewe.

Juu kidogo ya kifundo kulikuwa na utambi wa kanga umefungwa kwa nguvu, na ndani yake kitu cheusi cha duara, kizito. Nilikifahamu mara moja. Ni sumaku ya spika ya redio.

Nilipokata utambi haikudondoka, ilikuwa imezama. Chini yake ngozi imekufa, shimo limeanza. Alikuwa ameifunga tangu Mjomba Saidi aondoke, na hakusikia kitu kwa sababu mguu huo nao ulikuwa na ganzi. Na hakuna aliyeuona kwa sababu ulikuwa mguu mzima, na mguu wa mama mkwe katika nyumba ya mkwe unafunikwa.

Nilizima umeme nikamkimbilia Dokta Lwitiko, nikamsubiri mlangoni mwa chumba cha upasuaji mpaka akatoka. Nilikuwa nalia, sioni aibu kuwaambia.

Baadaye tulijua yote. Mjomba Saidi alikuwa na redio moja, mkulima mzima wa korosho, redio ndiyo fahari yake, jioni watu wanakuja kwake kusikiliza taarifa ya habari na mpira. Aliipasua mwenyewe akatoa sumaku. Hoja yake ilikuwa kwamba sumaku ya hospitali ikivuta sukari mguu huu, sukari itahamia mguu wa pili, basi nao uwekewe mlinzi. Akamkataza dada yake asiseme, hospitali wasije wakaona wivu.

Sikumchukia. Nawaambieni ukweli, yule mzee alitoa kitu alichokipenda kuliko vyote kwa ajili ya dada yake. Alikosea kwa mapenzi. Wewe wa ndala huna hata udhuru huo.

Jioni ile Esha akajifungua mtoto wa kike. Nilipopeleka habari, nilisimama nyuma ya pazia kama kawaida. Bi Somoe akaniambia nisimame mbele. Kanga alikuwa ameiteremsha mabegani. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso, kafanana na Esha kabisa, ila mkali.

Akanyoosha miguu yote miwili.

"Tazama," akasema. "Kila siku utatazama. Wewe, na dokta, na anayepita. Nimeficha nimeoza mara mbili. Aibu itanilimia shamba?"

Tukaendelea. Esha akiwa na kichanga, mkono ukawa wangu. Pazia nikaliondoa, shuka likarudi wodini. Kila siku naosha mikono, nafungua, natazama mguu wa kushoto, natazama wa kulia, katikati ya vidole, chini ya unyayo. Siku za jenereta tunauingiza ule mbovu kwenye mzinga. Siku zisizo na jenereta tunatazama tu.

Mjomba Saidi akarudi, safari hii mkali kweli. Malolo nzima inasema Somoe anashikwa miguu na mkwe. Ukoo umedhalilika. Amekuja kumchukua, atibiwe nyumbani na watu wake.

Mimi sikuingilia, haikuwa nafasi yangu. Bi Somoe alimsikiliza mpaka akamaliza.

Akamwambia, "Saidi, mguu wangu ukikatwa utanipa wako?"

Mzee akasema, dada, haya ni mambo ya heshima.

"Nimekuuliza. Wa kushoto au wa kulia, chagua nikaupimie kiatu."

Mjomba Saidi akatazama chini. Kisha, wakuu, akapiga magoti na yeye akautazama ule mguu aliouharibu. Alikaa hapo, machozi yanamtoka. Kesho yake aliondoka peke yake.

Daktari wa mkoani akafika. Akafungua, akageuza, akabonyeza. Akatoa kidole kimoja kidogo ambacho kilishakufa. Mguu akauacha. Kile kidonda cha sumaku cha mguu wa pili kilikuwa kimeanza kufunga, na hicho, sikilizeni vizuri, hakikuwahi kuingizwa kwenye mzinga hata siku moja. Kilisafishwa na kutazamwa tu.

Kwa hiyo mnaniuliza, koili ilisaidia?

Sijui. Dokta Lwitiko naye hakujua, na alikuwa muungwana wa kutosha kusema hajui. Labda ilisukuma damu kweli. Labda ilikuwa insulini na maji ya chumvi. Nasikia wapo wanaochunguza mambo hayo kwa vyombo vya maana mpaka leo, wachunguze, nitafurahi kusikia. Nyie mnaocheka, kumbukeni yule daktari hakuwa mjinga wala mchawi. Alikuwa na mgonjwa mmoja, mota iliyoungua, na wiki chache. Alijaribu, akasema wazi kwamba anajaribu.

Ninachokijua ni hiki. Mzinga ule ulitulazimisha tuweke mkono kwenye mguu wa mtu aliyekuwa anauficha. Bila ule mkono nisingeiona sumaku ya redio. Ukiwa na sukari, au mzazi wako ana sukari, miguu itazamwe kila siku, kwa macho, hata kama haiumi. Hasa kama haiumi. Usifunge kitu, usivae kinachobana, na usiende kwa muuza ndala, nenda hospitali. Mama akikuonea haya, vumilia hiyo haya, omba radhi baadaye.

Na msijitengenezee koili nyumbani. Nimewaona.

Niwape la mwisho.

Kama mwaka baadaye nilikwenda Malolo kumpeleka mtoto kwa bibi yake. Asubuhi natoka kisimani, njia nyembamba, majani yamenifika kifuani pande zote. Mbele nikamwona Bi Somoe anakuja, jembe begani, kavaa viatu vya kufunika vidole alivyoshonewa na fundi wa Nachingwea. Nyuma yake wanawake wa kijiji, wengi tu.

Wale wanawake wakasimama kuona atafanyaje. Mila ilikuwa aingie majanini ajifunike.

Nikataka mimi ndiye niingie, nimwondolee tabu. Akaniwahi.

"Simama hapo hapo mkwe. Humo kuna miiba. Mimi miguu yangu haiingii tena majanini kwa ajili ya mtu."

Akaja katikati ya njia, akanipita bega kwa bega, kanga mabegani, akaenda kulima.

Haya, uwanja ni wenu. Muuza ndala, nakusubiri kwa hamu. Na kabla hamjaanza kunitukana, kila mwenye mzazi mwenye sukari aende kwanza akamvue soksi atazame, ndipo arudi tubishane.